Jamaa wa Newala Afuga Bahari Sebuleni, Mkewe Ahangaika na Madumu ya Maji

Kuna wanaume michepuko yao ni wanawake, kuna ambao mchepuko wao ni kubeti, halafu kuna huyu jamaa wa Mkunya, Newala. Mchepuko wake ni bahari. Siyo kwamba kila wikiendi yuko ufukweni anakula bata, hapana. Bahari yenyewe kaiweka sebuleni, kati ya kabati la vyombo na televisheni, kwenye boksi la kioo la lita 200. Ndani kuna mchanga mweupe, mawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa kama yule Nemo wa kwenye filamu, kamba mmoja mwenye mistari myekundu, na vipande vya matumbawe vinavyoyumba na mkondo usiku na mchana. Ukiingia usiku ile taa ya bluu imewaka, unasahau kabisa kwamba uko juu kwenye nyanda za Makonde, katikati ya mikorosho, na kwamba bahari ya ukweli iko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo.

Wageni wakija lazima wapige picha. Kwenye status za WhatsApp nyumba inaonekana kama iko Masaki. Ila mke akirudi na dumu kichwani hakuna anayempiga picha.

Haya mambo jamaa aliyajulia Dubai. Alienda kama vijana wengi wanavyoenda, kwa ahadi ya kazi ya dukani, akaangukia kwenye duka linalouza na kuhudumia akwariamu za majumbani. Kazi yake kuosha vioo, kubeba ndoo, kupima maji. Kule kuna jumba la maduka lenye tanki la lita milioni 10, papa wanapita humo ndani tangu 2008, kwa hiyo tajiri akiweka tanki la lita 1,000 sebuleni kwake hakuna anayemuona kichaa. Jamaa alikaa miaka mitatu. Wenzake walirudi na simu kali na cheni. Yeye karudi na taa, pampu mbili, hita, kipimo cha chumvi na maboksi ya vichupa vya kupimia kemikali. Mama mkwe alikaa pembeni ya begi akisubiri kanga mpaka begi likaisha.

Na nyumba yenyewe, elewa hapa, imejengwa kwenye kiwanja cha ukoo wa mke. Kwa Wamakonde hilo halishangazi mtu. Ukoo unafuata upande wa mama, na mwanaume kuhamia upande wa mke ni mila ya tangu zamani. Likumbuke hili, lina kazi huko mbele.

Boksi lilitengenezwa na fundi vioo wa Masasi, kioo cha milimita 10, likaja limefungwa magodoro kama maiti ya tajiri. Maji ya kwanza yalitoka Mtwara, madumu kumi, yamechotwa maji yakiwa yanajaa, mbali na mto. Watu wakajua siku hiyo hiyo wataona samaki. Wapi! Wiki sita sebule ilikuwa na boksi la maji na mawe tu. Majirani wakacheka weee. Lakini jamaa alikuwa sahihi. Samaki anajisaidia majini, uchafu wake unatoa amonia, na amonia inaua. Lazima kwanza wazaliane bakteria wa kuigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine waigeuze hiyo kuwa naitreti, ambayo samaki anaweza kuivumilia kiasi. Bakteria hao wanaishi kwenye mawe na mchanga na hawana haraka na mtu. Ukiweka samaki siku ya kwanza unamuweka chooni.

Matumbawe nayo yana yake. Wengi wanadhani ni mawe, wengine wanadhani ni mimea. Ni wanyama, wadogo wadogo, wamekaa pamoja, na ndani ya nyama yao wamepangisha mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani unapika sukari kwa mwanga, mnyama anakula. Ndiyo maana taa ni ghali kuliko samaki. Joto likizidi, nyuzi moja tu juu ya kiwango cha juu walichozoea, kwa wiki kadhaa, yule mpangaji anafukuzwa na tumbawe linapauka kuwa jeupe. Mwaka 1998 bahari ya Hindi ilipopata joto, matumbawe mengi ya mwambao huu yalipauka na kufa. Sasa fikiria kitu ambacho bahari nzima ilishindwa kukilinda, mtu anakilinda Mkunya kwa hita na feni.

Binamu wa mke, mvuvi wa Msimbati, alimpigia simu: "Shemeji, matumbawe si yamejaa huku? Nikupakilie kiroba kwenye basi, utanitumia ya soda." Jamaa alikataa, na hapo anastahili maua yake. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, huokoti tumbawe kule kama unaokota embe. Halafu kuna yale matumbawe makubwa ya mviringo yanayokua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Kiroba kimoja cha shemeji ni umri wa bibi yako. Mwambao huu umeshapigwa baruti na wavuvi, na matumbawe yamechomwa chokaa kwa vizazi, nenda Mikindani uangalie zile nyumba za zamani zimejengwa kwa nini. Vipande vyake yeye alivipata kwa mshkaji wa Dar aliyewahi kufanya naye kazi Dubai, anayekata matumbawe laini na kuyaotesha mwenyewe, akiwa na karatasi zake. Kipande saizi ya kidole gumba. Kilisafiri ndani ya boksi la kuwekea samaki wa barafu, ila bila barafu.

Mpaka hapo stori ni tamu. Tuje kwenye maji.

Newala iko juu. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaona dunia yote chini yako mpaka upande wa Ruvuma, unajiona tajiri. Lakini ardhi ya juu ni mchanga, mvua ikinyesha inapita moja kwa moja, na mito hakuna. Wazee wanasimulia jinsi wanawake walivyokuwa wanashuka bondeni alfajiri na kupanda na mtungi jua likiwa kali. Tangu miaka ya 1950 maji yanasukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni kuja juu, na mpaka leo bomba likikauka kila mtu anarudi kwenye dumu. Kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua hakuna. Mwanamke wa huku anajua idadi ya madumu yake kuliko mtunza hazina wa kikoba.

Sasa sikia kitu ambacho jamaa hakumwambia mkewe wakati anashusha boksi. Tanki la maji ya chumvi kinywaji chake ni maji matamu. Maji yanayopaa kwenda hewani ni maji tu, chumvi inabaki. Kwenye tanki lile, na upepo wa kiangazi wa kule juu, zinapaa kama lita nne kwa siku. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwenye kila lita. Usipoongeza kitu siku tano, gramu 35 zinakaribia 39, na matumbawe yanaanza kujikunja. Mke aliwahi kuuliza swali la maana kabisa: "Si ukaongezee hayo hayo ya Mtwara?" Haiwezekani. Ukiongeza maji ya bahari juu ya chumvi iliyobaki, unazidisha chumvi juu ya chumvi. Lita nne kwa siku ni lita 120 kwa mwezi. Madumu sita. Ya maji ya kunywa.

Yale ya bahari ndiyo rahisi kuliko yote. Kila wiki anabadilisha lita 20, yaani dumu moja, na konda wa basi la Mtwara anamletea manne kwa mwezi pamoja na mizigo ya watu. (Jirani mmoja alimshauri anunue chumvi ya mawe ya mashambani akoroge, aokoe nauli. Chumvi ile siyo bahari. Maji yakianikwa kwenye majaruba, chokaa inatangulia kuganda, kisha inafuata chumvi, na magnesiamu inabaki kwenye yale maji machungu ya mwisho yanayomwagwa. Unachonunua ni kitu kimoja kati ya vingi.) Kasheshe nyingine ni wapi pa kumwaga yale ya zamani. Mwanzo alimwaga shinani mwa mpapai wa mama mkwe. Mpapai ulikauka kwa wiki tatu, na kwenye ile familia bado unazungumzwa kama marehemu.

Mwezi Oktoba mwaka jana bomba halikutoa tone siku tisa. Mke alibakiza dumu moja, kalificha nyuma ya mlango wa jiko. Mtoto wao alikuwa na homa tangu mchana. Saa mbili usiku anaenda kuchota maji amkande mtoto, dumu jepesi. Limebaki tope la chini tu.

"Baba Nanii, maji yangu yako wapi?"

Jamaa, badala ya kunyamaza au kudanganya kama wanaume wengine, akasema ukweli mbaya kuliko uongo: "Kipimo kilikuwa kimefika moja nukta sifuri ishirini na nane."

"Na mwanangu kipimo kimefika thelathini na tisa."

Hakupiga kelele. Alimbeba mtoto mgongoni, akatoka na jagi, akarudi na maji ya jirani. Asubuhi zahanati walisema malaria, mtoto akapewa dawa, baada ya siku tatu alikuwa anakimbiza kuku. Lakini ndani ya nyumba kuliwekwa ukimya ambao hata pampu ilisikika mpaka barabarani.

Kwingine hapa mwanamke angefunga nguo zake arudi kwao. Sasa huyu arudi kwao wapi? Kwao ni pale pale. Begi lilitolewa la Dubai, likawekwa mlangoni, tupu, limefunguliwa zipu.

Jumapili akaja mjomba wa mke. Asiyejua uzito wa mjomba kwa Wamakonde asome hapa taratibu: baba anaweza kufoka akapuuzwa, mjomba akikohoa watu wanakaa sawa. Alikuja na baiskeli, akapokea shikamoo zake, akavuta kigoda mbele ya kioo. Akakaa kimya muda mrefu. Wale Nemo wakaja mbele kumwangalia, maana wanajua mtu akisogea ni chakula.

"Hawa wanaliwa?"

"Hapana, mjomba."

"Wanauzwa?"

"Hapana, mjomba. Labda matumbawe yakikua naweza kukata..."

"Nimeuliza wanauzwa?"

"Hapana."

Mzee akatikisa kichwa. Wote walitegemea aseme kivunjwe. Badala yake akasema, "Wazuri. Lakini mwenye ng'ombe ndiye anayeenda mtoni. Huyu mtoto wangu hana ng'ombe humu." Hukumu ikawa hiyo: bahari ibaki, itafute maji yake, na dumu la mke lisiguswe hata kwa bahati mbaya. Begi likarudishwa juu ya kabati. Zipu ilibaki wazi.

Akaanza kumwagilia kwa maji ya chupa ya dukani, ambayo kwa fundi simu ni kama kunywesha mbuzi bia. Akapunguza kupaa kwa kufunika kioo nusu. Pesa za msimu wa korosho zilipoingia mtaani na simu nyingi zikaja kutengenezwa, akanunua simtanki la lita 2,000 na kufunga mifereji kwenye paa. Desemba mvua ikaja, simtanki likajaa kwa siku chache, jamaa akawa anatembea kifua mbele kama mkurugenzi wa maji.

Wiki mbili baadaye kamba wake wa kwanza kafa. Kisha konokono wawili. Matumbawe yakafunga midomo yasifungue.

Ilikuwa ni bati. Paa lao lilikuwa jipya, na bati jipya limepakwa zinki. Mvua inapita juu yake na kuibeba kidogo kidogo. Kwa binadamu kiasi kile hakitishi, lakini kamba, konokono na matumbawe wanaumizwa na zinki na shaba kwa kiwango ambacho ulimi wako hauwezi kukijua. Maana yake lita 2,000 zimekaa pale nje, za kufulia zinafaa, za baharini hazifai. Mke alipoelezwa alicheka, mara ya kwanza tangu Oktoba. Akasema, "Kwa hiyo hayo ni yangu." Na akayachota mwezi mzima.

Kilichowaokoa ni mashine ndogo ya kuchuja, inafanya kazi kwa kanuni ile ile ya viwanda vya maji ya chupa. Pampu inasukuma maji kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, maji safi yanapita, zinki na kila takataka inabaki upande wa pili. Aliiagiza Dar, ikafika Februari. Ubaya wake ni kwamba ili upate lita moja safi, kama lita tatu zinatoka kwenye bomba la uchafu. Piga hesabu mwenyewe: lita 120 za bahari kwa mwezi zinataka lita 480, yaani madumu 24, na 18 kati ya hayo yanamwagika. Ukimwambia mtu wa Newala unamwaga madumu 18 kwa mwezi atakuitia watu.

Mke ndiye aliyelitatua. Hakushauriwa na mtu. Alitoa ule mpira wa uchafu dirishani, akauelekeza kwenye pipa lake la bluu. Maji yale si mabaya, ni ya mvua yaliyobeba uchafu mzito zaidi kidogo, basi. Yanafua, yanadeki, yanaosha vyombo mkono wa kwanza, yanamwagilia mchicha. Kwa hiyo kila mashine inapowashwa, bahari inapata moja, yeye anapata tatu. Alianza kuuliza, "Leo huchuji?"

Msije mkadhani alipenda samaki. Hakupenda. Julai hii jamaa kalala Mtwara, kafuata madumu yake mwenyewe kwa sababu konda alikuwa anaumwa. Saa nne usiku umeme ukakatika. Betri ya inveta ilikuwa imeshaisha kwenye tamthilia ya Kituruki, mke analijua hilo na hajawahi kukataa. Pampu ikisimama, hewa haiingii majini, baada ya saa kadhaa samaki wanapanda juu kuhema na wale bakteria wa kwenye mawe nao wanaanza kufa. Na Julai kule juu ni baridi kweli, hita nayo imezima.

Simu ililia Mtwara. Maelekezo yalikuwa mafupi: funga blanketi kuzunguka kioo, chukua jagi, chota, inua juu, mwaga, rudia. Ile kumwaga ndiyo inayoingiza hewa. Akamuuliza mpaka saa ngapi. Jamaa akasema mpaka umeme urudi.

Ulirudi saa tisa usiku. Katikati hapo alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile cha mjomba, mtoto kalala kwenye mkeka pembeni, tochi ya simu imeegemezwa kwenye kopo, anachota na kumwaga, anapumzika dakika tano, anachota na kumwaga. Blanketi alilolifunga kwenye kioo lilikuwa la kitandani kwao, yeye kajifunga kanga mbili. Asubuhi mumewe alifika mbio na madumu, akakuta Nemo wote wawili wanamkimbilia kioo, tumbawe moja tu la pembeni limenyauka. Akataka kumshukuru mkewe. Mke akamwambia, "Usiniulize kitu. Pokea mtoto, nataka kulala."

Siku chache baadaye alichukua kalamu ya kuandikia namba za kreti, akatoka nje, akachora mstari mweusi kwenye simtanki, robo kutoka chini. Masharti yake ni haya: kiangazi hiki maji yakifika kwenye mstari, kuchuja kunasimama siku hiyo hiyo, samaki na matumbawe vinafungwa kwenye mifuko vinapelekwa kwa yule mshkaji wa Dar mpaka mvua za Desemba. Jamaa alikubali mbele ya mjomba. Mshkaji wa Dar ameshaulizwa na ameshatenga nafasi.

Tangu Septemba jamaa anafunika kioo chote usiku, anapunguza feni, anabadilisha maji kila wiki mbili badala ya kila wiki. Kila asubuhi kabla ya kupanda bodaboda kwenda mjini anapita nyuma ya nyumba, anagonga simtanki kwa vidole kuanzia juu kushuka chini mpaka sauti ibadilike. Mke yuko jikoni anasikia.

Juzi ilibadilikia vidole vinne juu ya mstari.